Mtoto amepata ME1. Sasa hiyo ni ngapi?

Matokeo ya kwanza ya KJSEA, tathmini ya mwisho wa Gredi ya 9, yalipotoka Desemba 2025, wazazi wengi nchini Kenya waliyapokea kwa swali moja. Mtoto amepata ME1. Sawa. Sasa hiyo ni ngapi? Walimaanisha: ni ngapi kwa hesabu tunayoijua sisi, ile ya KCPE, ya alama 500? Na mara nyingi walijibiwa kwa kukaripiwa kidogo: achaneni na mambo ya zamani, mtaala umebadilika, siku hizi hatushindanishi watoto.

Makala hii inawatetea wazazi hao. Swali lao si la ushamba. Ni swali zuri la kisayansi kuhusu vipimo, na ukilifuata hadi mwisho unagundua kwamba mfumo mpya unafanya mambo mawili yasiyokaa pamoja: unamweleza mtoto kwa maneno, halafu unayageuza maneno hayo kuwa namba za kumpangia foleni. Twende polepole.

Kipimo chenyewe kikoje

KCPE ilifanywa kuanzia 1985 hadi 2023. Katika miaka yake ya mwisho ilikuwa na masomo matano, kila moja alama 100, jumla 500. Mzazi akisikia 378 alijua mara moja ashangilie au anyamaze.

Chini ya mtaala wa umilisi, Baraza la Mitihani nchini, KNEC, linatumia viwango vinne: kuzidisha matarajio (EE), kufikia matarajio (ME), kukaribia matarajio (AE) na mbali na matarajio (BE). Kila kiwango kimekatwa mara mbili, kwa hiyo tuna ngazi nane:

EE1: asilimia 90–100, pointi 8
EE2: asilimia 75–89, pointi 7
ME1: asilimia 58–74, pointi 6
ME2: asilimia 41–57, pointi 5
AE1: asilimia 31–40, pointi 4
AE2: asilimia 21–30, pointi 3
BE1: asilimia 11–20, pointi 2
BE2: asilimia 1–10, pointi 1

Masomo ni tisa. Tisa mara nane ni 72, na hiyo ndiyo jumla ya juu kabisa ambayo mtoto anaweza kupata.

Kabla ya kukosoa, tuseme haki. Wazo la kugawa alama katika ngazi si baya. Zamani mtoto wa 402 alitangulia mtoto wa 401 kwenye orodha, na kila mtu alijifanya kuamini kwamba alama ile moja ina maana. Haikuwa na maana. Ukiwapa watoto hao wawili mtihani mwingine wa uzito ule ule wiki inayofuata, huenda wangebadilishana nafasi. Ngazi pana zinakiri kwamba mtihani si mizani ya dhahabu. Hilo ni jambo la kweli na la busara.

Tatizo ni kile kinachofuata.

Maneno yanasema nini hasa

Hebu soma tena jina la ngazi: kufikia matarajio. Matarajio ya nani? Na yanafikiwa wapi? Kwa jedwali hilo hapo juu, mtoto anafikia matarajio akiwa na asilimia 41. Mzazi aliyelelewa na KCPE anaona 41 kama balaa. Karatasi ya matokeo inamwambia mambo yako sawa. Nani ana haki?

Jibu la kitaalamu ni kwamba inategemea mtihani ulikuwa mgumu kiasi gani. Asilimia 41 ya mtihani mgumu inaweza kuwa kazi nzuri sana. Lakini basi jina la ngazi lingepaswa kutokana na kazi yenyewe: mtoto anaweza kufanya hiki, hiki bado. Hiyo ndiyo ahadi ya tathmini ya umilisi popote ilipoanzishwa. Mipaka ikiwa ni 41, 58 na 75 kwa kila somo, Hisabati sawasawa na Kiswahili, sawasawa na Kilimo, maneno "kufikia matarajio" yanakuwa lebo iliyobandikwa juu ya asilimia. Hayajatokana na kuangalia mtoto anaweza kufanya nini.

Na lebo zenyewe hazifanani katika lugha mbili tunazozitumia shuleni. Kwa Kiingereza ngazi ya mwisho husema tu kwamba mtoto yuko chini ya matarajio. Kwa Kiswahili tunasema "mbali na matarajio". Chini na mbali si kitu kimoja. Mtu anaweza kuwa chini ya mstari kwa sentimita moja. Mama anayeelezwa matokeo kwa Kiswahili anapewa habari nzito zaidi kuliko jirani yake aliyesoma karatasi ya Kiingereza, na mtoto ni yule yule, maksi ni zile zile. Kwa chombo cha kupimia, hiyo ni dosari. Rula haiwezi kubadilika urefu kwa sababu umeisoma kwa lugha nyingine.

Kujumlisha nafasi

Sasa tuje kwenye kosa kubwa. Mwaka 1946, katika jarida la Science, mwanasaikolojia S. S. Stevens wa Chuo Kikuu cha Harvard aliandika kwamba namba tunazobandika kwenye vitu haziko sawa zote. Kuna namba za jina tu, kama namba ya jezi. Kuna namba za mpangilio, kama nafasi kwenye mbio. Kuna namba ambazo umbali kati yake ni sawa, kama nyuzi joto. Na kuna zile zenye sifuri ya kweli, kama kilo. Watafiti wamebishana naye tangu siku hizo, lakini onyo lake moja bado linafundishwa karibu kila darasa la takwimu: kuwa mwangalifu unapojumlisha namba za mpangilio.

Fikiria mbio za nyika. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa kwanza anaweza kumtangulia wa pili kwa nusu sekunde, na wa pili akamtangulia wa tatu kwa dakika mbili. Nafasi zinakuambia nani yuko mbele, hazikuambii kwa kiasi gani.

Ngazi nane za KJSEA ni namba za mpangilio. Angalia upana wake. EE1 ina nafasi 11 za asilimia, EE2 ina 15, ME1 na ME2 zina 17 kila moja, halafu zote zilizobaki zina 10. Vidaraja vya ngazi havilingani urefu, lakini kila kimoja kinahesabiwa pointi moja.

Matokeo yake ni haya. Chukua mtoto aliyepata asilimia 74 katika masomo yote tisa. Kila somo ni ME1, pointi 6, jumla 54. Chukua mwingine aliyepata 58 katika masomo yote tisa. Naye ni ME1 kila mahali, jumla 54. Kwa alama halisi wa kwanza ana 666 juu ya 900 na wa pili ana 522. Alama 144 zimepotea njiani.

Sasa ongeza mtoto wa tatu: ana 75 katika masomo matano na 58 katika manne. Alama zake halisi ni 607, yaani ziko 59 chini ya yule wa kwanza. Lakini pointi zake ni matano mara saba, kumi juu ya ishirini na tano, yaani 35, na manne mara sita, 24. Jumla 59. Amempita yule wa kwanza kwa pointi tano.

Mifano hii nimeitunga iwe mikali ili tatizo lionekane. Watoto wengi hawakai hivyo. Lakini kanuni inayoizalisha inamgusa kila mtu. Ukijumlisha ngazi, unamzawadia mtoto aliyebahatika kuvuka mipaka na kumwadhibu aliyekaa chini yake kidogo.

Na mpakani ndipo bahati inapofanya kazi zaidi. Hakuna mtihani usio na mtikisiko: mtoto aliamka na homa, swali moja lilihusu mada aliyoisoma jana, msahihishaji alikuwa amechoka. Tuseme, kwa mfano tu, mtikisiko wa kawaida wa mtihani mmoja ni alama 4 juu au chini. Mtoto ambaye uwezo wake halisi ni 73 ataangukia 75 au zaidi karibu mara moja katika kila mara tatu. Mwenye uwezo wa 75 ataangukia chini ya mpaka karibu nusu ya wakati. KCPE nayo ilikuwa na mtikisiko huo huo, tena ikaupuuza. Ila huko alama mbili zilikuwa mbili juu ya 500. Hapa alama mbili mara nyingi hazibadilishi kitu, na mara nyingine zinabadilisha pointi nzima juu ya 72.

Kalkuleta ya mzazi inadanganya, na inadanganya upande mmoja

Tunarudi kwenye swali la mwanzo. Mzazi ana 54 juu ya 72. Anagawanya, anapata asilimia 75, anazidisha kwa 500, anapata 375. Anapumua. Mtoto wa 375! Zamani huyo alikuwa anaitwa shule nzuri.

Rudi kwenye jedwali. ME1 ni kuanzia 58 hadi 74. Hata kama mtoto huyo alipata 74 kila mahali, kwa 500 angekuwa na 370. Kama alipata 58 kila mahali, angekuwa na 290. Hakuna mtoto wa ME1 tupu anayeweza kufika 375. Hesabu ya mzazi imetoka nje ya ngazi yenyewe.

Jaribu ngazi nyingine. ME2 ni pointi 5 juu ya 8, sawa na asilimia 62.5, ngazi yenyewe inaishia 57. AE1 ni 4 juu ya 8, sawa na 50. Ngazi inaishia 40. AE2 inakupa 37.5 wakati mwisho wake ni 30. BE1 inakupa 25, mwisho wake 20. BE2 inakupa 12.5, mwisho wake 10. Kuanzia ME1 kushuka chini, asilimia ya pointi inazidi asilimia halisi kila mara, bila kukosa. Ni EE1 na EE2 pekee ambazo asilimia ya pointi inaweza kuwa sawa na ya kweli.

Kwa hiyo mzazi anayepiga hesabu hiyo anapata picha tamu kuliko ukweli. Kisha mtoto anapangiwa shule ambayo hakuitarajia, na mzazi anaona ameibiwa. Pengine hakuibiwa. Alipewa namba inayofanana na asilimia bila mtu kumwambia kwamba si asilimia. Lawama hapo ni ya aliyebuni namba, maana ukimpa mtu "54 juu ya 72" unajua atagawanya. Nani hagawanyi?

Vitu vitatu katika chungu kimoja

Kuna jambo jingine linalosemwa kwa wepesi sana. Mpango uliotangazwa wa kumpeleka mtoto sekondari pevu unachanganya vitu vitatu: asilimia 20 kutoka KPSEA ya Gredi ya 6, asilimia 20 kutoka tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8, na asilimia 60 kutoka KJSEA. Inasikika vizuri: mtoto hahukumiwi kwa siku chache za mtihani. Nami naliunga mkono wazo hilo.

Lakini uzito ulioandikwa kwenye karatasi si lazima uwe uzito unaofanya kazi. Kitu kinachotofautisha watoto ni jinsi alama zao zilivyotawanyika. Chukua shule moja ya kubuni ambamo walimu wamewapa karibu watoto wote kati ya 16 na 19 juu ya 20 katika tathmini za shuleni. Tofauti kati ya mtoto wa juu na wa chini ni alama 3. Kwenye KJSEA watoto hao hao wana kuanzia 15 hadi 55 juu ya 60, tofauti ya 40. Jumlisha, upange foleni. Foleni itafuata mtihani karibu yote. Ile asilimia 20 ya mwalimu ipo kwa jina.

Sasa chukua shule mbili, moja ya mwalimu mkarimu anayetoa 18 kwa kazi ambayo mwenzake mkali wa shule ya pili anaipa 13. Ndani ya kila shule hakuna aliyedhulumiwa. Kati ya shule hizo mbili, watoto wa mwalimu mkali wameachwa alama 5 nyuma, na si kwa sababu ya kitu chochote walichofanya. Kwa hiyo tathmini ya shuleni inaweza kukosa nguvu pale tunapotaka iwe nayo, na ikawa na nguvu pale tusipotaka. Dawa yake inajulikana: kupima sampuli ya kazi kutoka kila shule kwa kipimo kimoja na kurekebisha. Umma unastahili kuonyeshwa jinsi marekebisho hayo yanavyofanywa.

Wengine walifanyaje

Uingereza ilibadilisha gredi za mtihani wa GCSE kuanzia 2017, kwa Kiingereza na Hisabati kwanza. Herufi za A* hadi G zikaanza kuondoka, zikaja namba 9 hadi 1. Wazazi walichanganyikiwa kule pia. Lakini wasimamizi waliwapa kamba ya kushika: mwanzo wa 4 mpya ni sawa na mwanzo wa C ya zamani, na mwanzo wa 7 ni sawa na mwanzo wa A. Daraja kati ya zamani na sasa lilijengwa na ofisi husika, si kila mzazi na kalkuleta yake.

Jirani zetu Tanzania walipitia yao. Matokeo ya kidato cha nne ya 2014 yalitolewa kwa wastani wa pointi, GPA, badala ya madaraja ya kwanza hadi sifuri. Kwenye madaraja pointi chache ndizo nzuri, aliyepata 7 ndiye bora kabisa. Kwenye GPA ikawa kinyume, kubwa ndiyo nzuri, hadi 5.0. Mzazi alitakiwa kugeuza kichwa chini miguu juu. Mwanzoni mwa 2016 Waziri wa Elimu Joyce Ndalichako akaagiza kurudi kwenye madaraja. Funzo ninalolichukua hapo ni dogo: kipimo ambacho watumiaji hawakielewi hakina maisha marefu, hata kama wataalamu wanakipenda.

Kwa Kenya si rahisi kufunga kamba kama ya Uingereza, kwa sababu KCPE na KJSEA zinafanywa katika madarasa tofauti na zinapima mambo tofauti. Nakubali. Basi kama hakuna daraja la kwenda nyuma, lazima kuwe na maelezo ya kutosha ya kule tulipo.

Kwa KNEC, na kwako

Kwa baraza, maombi matatu. Chapisheni asilimia ya kila somo kando ya ngazi, pamoja na kiasi ambacho mtihani ungeweza kutikisika. Andikeni kwa kila somo sentensi moja au mbili za kazi ambayo mtoto wa ngazi hiyo kwa kawaida anaiweza na ile ambayo bado inamshinda. Na toeni takwimu za jinsi alama za tathmini za shuleni zilivyotawanyika, ili watu waone ile 20 inafanya nini.

Kwako mzazi, au wewe dada au kaka mkubwa unayeombwa nyumbani ueleze matokeo ya mdogo wako: usigawanye kwa 72. Soma somo kwa somo. Anza na masomo yanayohusiana na mkondo anaoutaka mtoto, iwe sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Ukiona ME1, kumbuka ni ngazi pana, ya nafasi 17, na huwezi kujua kwa karatasi peke yake kama mtoto yuko karibu na 58 au 74. Mtoto wa 58 katika Hisabati anayekwenda mkondo wa sayansi anahitaji msaada tangu wiki ya kwanza ya Gredi ya 10. Wa 74 huenda hahitaji.

Njia ya kujua ni kuomba kuona kazi. Nenda kwa mwalimu wa Hisabati wa shule anayotoka, umwombe akuonyeshe mazoezi na miradi ya Gredi ya 8 na 9, na umuulize: ni mada gani mtoto huyu anaziweza bila kusaidiwa, na ni zipi anakwama? Mwalimu aliyekaa naye miaka mitatu anaweza kulijibu swali hilo kwa dakika kumi. Andika majibu, uyapeleke kwa mwalimu wake mpya wa Gredi ya 10.